Ngoma ya Wambuti ni kazi: Mambasa ianze kuwalipa wasanii wake

Tarehe 9 Agosti ni siku ya watu asilia ulimwenguni. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1994, na Ituri nayo huiadhimisha. Sherehe yenyewe wakaaji wa jimbo wanaijua vizuri. Hema linasimamishwa kwa ajili ya wakubwa, viti vya plastiki vinapangwa, na kundi la Wambuti linaletwa kutoka kambini. Wanapiga ngoma, wanaimba, wanacheza. Hotuba zikiisha viongozi wanapanda magari yao, na wachezaji wanarudi na chumvi, sabuni, pengine tisheti yenye alama ya shirika fulani.

Msomaji ajiulize nani amelipwa siku hiyo. Mwenye vyombo vya sauti amelipwa. Aliyekodisha hema na viti amelipwa. Mtangazaji wa sherehe amelipwa, na dereva pia. Yule aliyeimba, ambaye bila yeye pasingekuwa na sherehe, ndiye peke yake aliyepewa zawadi. Zawadi haina bei, haina karatasi, wala haina mtu wa kuidai.

Hali hiyo inaweza kubadilika bila kungoja miaka kumi. Teritwari ya Mambasa inahitaji kile ambacho mahali pengine kinaitwa rezidansi ya wasanii, tena yenye malipo. Maana yake si ngumu. Wasanii kadhaa wanachaguliwa na kukaa pamoja kwa majuma kadhaa mahali palipotayarishwa. Wanapewa chakula, pa kulala na matunzo ya afya, na kila mmoja anapata mshahara wa siku zake. Katika muda huo wanatunga, wanafundishana, wanajaribu mambo mapya, na mwishoni wanaonyesha kazi yao kwa watu. Mshahara unalipia siku zote za kazi, pamoja na zile ambazo hakuna mgeni anayetazama.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha neno hili. Kwenye sherehe, Mbuti anaitwa aonekane. Katika rezidansi, anaitwa afanye kazi.

Mbali sana na Ituri kuna mfano wa kufikiria. Huko Igloolik, kijiji cha Wainuit katika kaskazini ya Kanada, vijana walikuwa wakijiua. Mwaka 1998 kikundi cha sarakasi kinachoitwa Artcirq kilianzishwa hapo ili kuwapa vijana kazi ya mikono, ya miguu na ya akili. Vijana hao walichukua sarakasi, ile michezo ya kuruka na kubebana ambayo Kongo wengi huita sirki, wakaichanganya na ngoma, nyimbo na hadithi za mababu zao. Mwaka 2010 walicheza katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Vancouver. Karibu zaidi, mjini Nairobi, shirika la Sarakasi Trust limekuwa likifundisha wacheza sarakasi na wacheza ngoma tangu 2001, na wengi wao wamepata mikataba ya kazi nchini Kenya na nje.

Mtu anaweza kuuliza: Wambuti na sarakasi vinakutana wapi? Jibu liko ndani ya msitu wenyewe. Mtafiti Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na mto Epulu katika miaka ya 1950, alieleza michezo ya watoto wa kambini. Watoto wanapanda mti mchanga kwa pamoja hadi unapinda na kugusa chini, halafu wote wanaruka kwa mara moja. Yule anayechelewa anarushwa juu pamoja na mti. Wanabembea kwenye kamba za msitu. Wakikua wanapanda miti mirefu kutafuta asali, moshi mkononi. Jioni mwindaji anasimulia safari yake kwa mwili mzima: anakuwa yeye, anakuwa mbwa, anakuwa mnyama. Huo ni mwili uliofundishwa tangu utoto, na shule za sarakasi za Ulaya zinatoza pesa nyingi kufundisha vitu vya namna hiyo.

Juu ya hayo kuna uimbaji. Wambuti huimba kwa sauti nyingi zinazopishana. Kila mtu ana kipande chake kidogo, na wimbo unakamilika pale vipande vyote vinapokutana. Ni ufundi ambao watu wa dunia wamekuja kuusikiliza.

Na dunia haikuusikiliza tu, iliuchukua. Historia ya Ituri inaonyesha kwamba ngoma ya Wambuti imekuwa ikileta faida siku zote. Swali ni faida hiyo ilikwenda kwa nani.

Mwaka 1905 Mwingereza James Harrison alitoa watu sita katika msitu wa Ituri akawapeleka London. Majina yao yameandikwa: Bokane, Quarke, Mogonga, Mafutiminga, Matuka na Amuriape. Mwezi Juni mwaka huo walianza kuonyeshwa katika ukumbi wa Hippodrome, ambao ulikuwa ukumbi wa sarakasi na michezo ya jukwaani. Walipelekwa bungeni, walipelekwa Buckingham, kisha walizungushwa katika miji ya Uingereza na pia Berlin. Kampuni ya Gramophone ilirekodi sauti zao mwaka huohuo wa 1905. Walirudi nyumbani mwishoni mwa 1907. Basi, watu wa Ituri wamekwisha kuingia katika sarakasi, zaidi ya miaka mia moja na kumi iliyopita. Waliingia kama kitu cha kutazamwa. Tiketi iliuzwa kwa ajili ya kimo chao, na kazi yao ikawa nyongeza.

Miaka ishirini na kitu baadaye, Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi kando ya mto Epulu. Wageni walilala hapo wakatazama Wambuti wakicheza. Mke wake, mchoraji Anne Eisner, alikaa Epulu kwa miaka katika miaka ya 1940 na 1950, akachora msitu na watu wake, akakusanya na hadithi zao. Michoro yake imehifadhiwa hadi leo. Huo ulikuwa muda mrefu wa kuishi mahali na kutunga bila haraka, ndiyo kusema rezidansi kamili, ndani ya teritwari ya Mambasa. Aliyeipata alitoka New York. Wanawake wa Kimbuti ambao nao huchora, kwa rangi za matunda ya msitu juu ya vitambaa vya gome la mti, kazi zao zimefika katika nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani, mara nyingi bila jina la mchoraji.

Mfano mwingine uko mbali kuliko yote. Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikibeba sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia. Pamoja na Bach na Beethoven, kuna wimbo wa wasichana wa Ituri, wimbo wa unyago, wa chini ya dakika moja. Katika orodha ya sahani hiyo limeandikwa jina la Turnbull aliyeurekodi. Wasichana walioimba wameandikwa kama kundi tu. Sauti ya Ituri imekwisha kutoka katika mipaka ya jua letu, na hakuna mtu Mambasa anayeweza kuonyesha karatasi inayosema sauti hiyo ni ya nani.

Asiwepo mtu wa kusema hayo ni mambo ya wazungu wa zamani. Mwezi Julai 2007, mjini Brazzaville, tamasha la muziki wa Afrika, FESPAM, lilialika wanamuziki kutoka pande zote. Wasanii wengine walilala hotelini. Wasanii Wabaka, wapata ishirini hivi, pamoja na wanawake na mtoto mchanga, walipigiwa hema katika bustani ya wanyama ya mji. Watayarishaji walieleza kwamba hapo wangejisikia karibu na msitu wao. Wenye kufanya hivyo walikuwa Waafrika, katika tamasha la Waafrika.

Kongo ya Kinshasa ina sheria mpya juu ya mambo haya. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, iliyotiwa sahihi na Rais Félix Tshisekedi, inahusu kulinda na kuendeleza haki za watu asilia mbilikimo, na haki za utamaduni wao zimo. Sheria ya haki za watunzi iko tangu 1986, na tangu 2011 kuna SOCODA, shirika linalopaswa kukusanya makuta ya wasanii. Kwenye karatasi, basi, Mbuti ni raia kamili na ni msanii kamili. Lakini sheria haipigi ngoma wala hailipi mtu. Inahitaji tendo la kwanza ambalo watu wanaliona kwa macho. Rezidansi yenye malipo inaweza kuwa tendo hilo, kwa sababu inalazimisha mambo matatu yafanyike kwa mara moja: msanii aandikwe kwa jina lake, kazi yake ipewe bei, na makuta yafike mkononi mwake.

Kuna wanaopinga, na sababu zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni vita. Mambasa si mahali pa amani. Mwishoni mwa 2002, katika operesheni ambayo wenyewe waliipa jina la «Effacer le tableau», waasi waliua na kutesa watu hapa, Wambuti wakiwemo, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuja kukusanya ushuhuda. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la Mai-Mai lilishambulia kituo cha Epulu, likaua watu pamoja na okapi waliokuwa wakitunzwa pale. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na bado waasi wa ADF wameua watu katika vijiji na mashamba ya teritwari hii. Watu wanakimbia, na wewe unazungumza juu ya ngoma?

Ndiyo, na hasa kwa sababu watu wanakimbia. Mbuti aliyekimbia kambi yake akaja kukaa kando ya barabara ya kitaifa namba 4 amepoteza mawindo, asali na dawa zake kwa siku moja. Hana shamba la kakao la kuuza wala ng'ombe. Anabaki kibarua katika shamba la mtu mwingine, kwa malipo ambayo mwenye shamba anajipangia. Nyimbo ni mali ambayo hakuiacha nyuma. Lakini mali hiyo nayo inakufa ikiwa wazee waliokimbia wanatawanyika na vijana hawana pahali pa kujifunza. Usalama unaweza kuamua mahali: mwaka huu rezidansi inaweza kufanyika Mambasa-centre au Bunia, na mwaka mwingine Epulu. Hauwezi kuwa sababu ya kusubiri milele, maana mzee aliyezeeka leo hatangoja amani.

Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini: ukimpa Mbuti makuta atayanywa yote. Neno hilo halisemwi juu ya mwanamuziki wa Kinshasa, wala juu ya mwalimu, wala juu ya askari, ijapokuwa pombe inauzwa kwa wote. Mshahara ni haki ya aliyefanya kazi. Matumizi yake ni ya mwenyewe na jamaa yake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Wengine wanahofu kwamba pesa zitaharibu ngoma. Kuna nyimbo za Wambuti ambazo haziimbwi mbele ya mgeni, na kuna baragumu la molimo ambalo linahusu msitu na kifo, halihusu sherehe ya wakubwa. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini leo mambo hayo hayana ulinzi wowote; mwenye simu yeyote anaweza kuyarekodi akayatupa mtandaoni. Mkataba ulioandikwa unaweza kusema wazi kipi kinaonyeshwa na kipi kinabaki kambini, na wanaoamua wakiwa wazee wenyewe. Asiye na mkataba hana hata nafasi ya kukataa.

Jirani Uganda wana somo. Mwaka 1991 Batwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa kuwa hifadhi. Baada ya miaka ishirini, mwaka 2011, ikafunguliwa njia ya utalii katika Mgahinga ambapo Batwa wanaongoza wageni, wanaonyesha namna walivyoishi, na wanaimba ndani ya pango. Mgeni analipa, na sehemu ya malipo imetengewa jamii ya Batwa. Ni hatua nzuri kuliko chumvi na sabuni. Hata hivyo, katika ziara ya saa chache Batwa wanarudia jambo lilelile kila siku, maisha ya zamani ambayo wamekatazwa kuyaishi. Hawana muda wa kutunga jambo la leo. Rezidansi ingewapa Wambuti muda huo: waimbe juu ya okapi kama wanataka, au juu ya vita, au juu ya mti uliokatwa, au juu ya mapenzi.

Basi ifanyike namna gani? Masharti machache yanatosha, lakini yasikosewe.

Wasanii wachaguliwe na kambi zao wenyewe, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, na jina la kila mmoja liandikwe. Mkataba usomwe kwa sauti katika lugha wanayoisikia, Kibila au Kilese pamoja na Kiswahili, kabla ya alama ya kidole kuwekwa. Malipo yawe ya pesa, yatolewe kila juma, mkononi mwa msanii mwenyewe. Yasipitie kwa chifu, wala kwa mwenye shamba anayejiita baba yao, wala kwa mratibu wa shirika. Kalenda ifuate msitu: majira ya asali yakifika, hakuna Mbuti mwenye akili atakayekaa ndani ya ukumbi, na mpango unaowalazimisha utabaki na viti vitupu. Wawe huru kurudi nyumbani siku yoyote, wakiwa wamelipwa siku walizofanya. Walale kama wasanii wengine wanavyolala. Na kila kilichorekodiwa kiwe chao: waandikishwe SOCODA, na anayetaka kutumia sauti au picha yao aombe na alipe.

Gharama? Tuseme wasanii kumi na wawili, siku 28, dola 10 kwa siku kwa kila mmoja. Mishahara yote inafika dola 3.360. Ongeza chakula, usafiri, muuguzi, mwalimu mmoja wa sarakasi na mkalimani, hata ikazidi mara tatu, bado haifikii bei ya jipu moja kati ya zile zinazopita kila siku barabara ya Mambasa zikiwa na maandishi ya kusaidia watu asilia. Hifadhi ya Okapi, yenye kilomita za mraba zaidi ya 13.000, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1996, inatafutiwa wafadhili kila mwaka. Katika hati nyingi za kuomba ufadhili huo Wambuti wanatajwa. Jina lao linaleta fedha. Si vibaya sehemu ndogo ya fedha hizo iwalipe kwa kazi wanayoijua kuliko mtu yeyote.

Serikali ya jimbo ina idara ya utamaduni. ICCN na washirika wake wana nyumba na magari Epulu. Bunia kuna radio, kuna vyuo vikuu, kuna vijana wacheza michezo na waigizaji ambao nao wanahitaji kazi na wangeweza kukaa pamoja na Wambuti, kila upande ukijifunza kwa mwingine. Hakuna kinachokosekana isipokuwa mtu wa kuandika mstari mmoja katika bajeti na kuulinda usifutwe.

Wakati wa kuuandika ni sasa, kabla ya barua za mwaliko za 9 Agosti kutumwa tena. Watayarishaji wa sherehe wanaweza kuanza na jambo dogo kuliko rezidansi: kuweka jina la kila mchezaji na malipo yake katika orodha ileile ambamo hema, viti na vyombo vya sauti vimekwisha kuandikwa. Sherehe ambayo haiwezi kufanya hivyo isiwaite Wambuti.